Mwaka Mmoja Kabla ya Chuo Kikuu: Maswali ya Wazazi wa Butembo na Beni

Kijana akikaa mwaka mmoja baada ya kupata diploma ya serikali, si anapoteza?

Diploma ya mwaka jana ina thamani ileile na ya mwaka huu. Tena, tangu mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) uanze kutumika nchini Kongo mwaka 2021, licence katika fani nyingi ni miaka 3, wakati kaka na dada zao walisoma miaka 3 ya graduat kisha 2 ya licence. Nafasi ya kupumua ipo. Mimi naogopa zaidi kijana anayeingia Chuo Kikuu cha Graben, hapa Butembo, au chuo kingine akiwa na minervale, yaani ada ya masomo, ya miezi michache tu. Asiyemaliza kulipa huzuiwa mtihani, na hapo mwaka umekwenda pamoja na pesa.

Lakini wengi wanaosimama hawarudi.

Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2005 watafiti Robert Bozick na Stefanie DeLuca walionyesha kwamba Wamarekani wanaochelewa kuingia chuo humaliza shahada kwa uchache kuliko wanaounganisha. Wengi wao hutoka familia za kipato cha chini, ila hata hilo likizingatiwa pengo linabaki. Kwa upande mwingine, nchini Australia, Elisa Birch na Paul Miller waliona mwaka 2007 kuwa waliosimama mwaka mmoja walipata alama nzuri zaidi chuoni. Nadhani siri iko kwenye mlango wa kurudia: Australia ni kawaida mtu kupewa nafasi chuoni kwanza, ndipo aombe kuanza mwaka unaofuata. Kwetu tulishaona kazi isiyo na mlango huo. Riposte, yaani kazi ya kupambana na Ebola, iliajiri vijana wengi kuanzia Agosti 2018. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, mishahara nayo ikaisha. Aliyekuwa ametenga minervale alibaki na kitu mkononi. Aliyekula yote alianza upya, tena akiwa amesahau Kifaransa cha darasani.

Pesa itoke wapi, na ilindwe vipi?

Upande wa Beni jibu la haraka ni kakao. Ni kazi halali na inafundisha subira: kuvundika punje chini ya majani ya migomba siku kadhaa, kuzigeuza, kuzianika, kuziondoa mvua ikitishia. Lakini mwaka 2024 tani moja ilipita dola 10,000 huko New York, na mwaka 2025 bei ikaporomoka. Hesabu ya chuo isijengwe juu ya bei ya kilele. Wala mzazi asimtume mtoto shamba la mbali msituni, tukijua mauaji yanayoendelea tangu Oktoba 2014. Anayeuza dukani Butembo aingie likelemba, yaani mchango wa zamu, aombe zamu yake iangukie wakati wa kujiandikisha. Pesa inayokaa mfukoni huliwa na msiba wa kwanza.

Na binti?

Masharti ni hayohayo, na moja zaidi. Binti anayebaki nyumbani hugeuka mikono ya familia nzima: maji, jiko, wadogo zake, meza ya mama sokoni, jioni hana nguvu ya kufungua kitabu, na ujira hapewi. Kazi zigawanywe na kaka zake. Anayehofia kwamba ataozwa ana haki ya kuhofia. Basi baba atamke mapema, mbele ya wajomba na mashangazi, kwamba mwakani binti anaingia chuo, na akiba yake iandikwe kwa jina lake mwenyewe.