Somo la Wiki: Kocha Akiondoka, Timu Hujengwaje Upya?



Somo la leo linatoka uwanjani. Siku ya mchezo, Louisville huvaa nyekundu, Columbus huvaa nyekundu na kijivu, na Buffalo huvaa buluu. Miji yetu hii mitatu ina timu za chuo za mpira wa kikapu, na kati ya mwaka 2023 na 2024 timu zote tatu zilibadilisha kocha. Kila moja ilichagua njia yake ya kuanza upya. Tutazisoma njia hizo, na kila njia tutaipimia methali.

Wazazi, tafadhali msomee mtoto kwa sauti mara ya kwanza. Mara ya pili asome yeye.

MANENO YA KUJUA KABLA YA KUSOMA

Kikosi: wachezaji wote wa timu moja.
Msimu: kipindi cha mashindano. Kwa mpira wa kikapu wa vyuo, huanza Novemba na kuisha mapema Aprili.
Kutupiwa virago: kufukuzwa kazi. Virago ni mizigo ya msafiri. Ukitupiwa nje, maana yake uende zako.
Kukabidhiwa mikoba: kupewa kazi aliyokuwa akiifanya mtu mwingine.
Kocha wa muda: anayeshika kazi mpaka apatikane wa kudumu.
Kusuka kikosi: kuchagua na kuunganisha wachezaji, kama msusi anavyounganisha nywele.

1. LOUISVILLE: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Chuo Kikuu cha Louisville kina historia kubwa. Kilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1980 na 1986 chini ya kocha Denny Crum. Mmoja wa vijana wa kikosi cha 1986 aliitwa Kenny Payne. Mwaka 2022 Payne alirudi kuwa kocha, na mji ulimpokea kama mtoto aliyerudi nyumbani.

Lakini mambo hayakwenda vizuri. Msimu wa kwanza timu ilishinda mechi 4 na kupoteza 28. Msimu wa pili ilishinda 8 na kupoteza 24. Machi 2024 Payne akatupiwa virago, na mikoba akakabidhiwa Pat Kelsey, aliyekuwa akifundisha chuo cha Charleston, South Carolina.

Kelsey alipofika, alikuta chumba karibu kitupu. Wachezaji wa zamani walihamia vyuo vingine, naye akasuka kikosi kipya. Chucky Hepburn alitoka Wisconsin. Terrence Edwards alitoka James Madison. J'Vonne Hadley alitoka Colorado. Reyne Smith, kijana wa Australia, na James Scott walimfuata kocha wao kutoka Charleston.

Je, walianza kushinda mara moja? Hapana. Katikati ya Desemba 2024 walikuwa wameshinda 6 na kupoteza 5. Watu wakaanza kunong'ona. Wachezaji hawa walikuwa bado wanajifunza nani anapenda pasi ya juu na nani anapenda pasi ya chini. Baada ya hapo wakaelewana. Walimaliza msimu wakiwa na ushindi 27 na kupoteza 8, na Kelsey akachaguliwa kocha bora wa ligi yao. Katika mashindano ya taifa walifungwa mechi ya kwanza na Creighton, 89 kwa 75. Hata hivyo, kutoka ushindi 8 hadi 27 ni safari ndefu kwa mwaka mmoja.

Methali yao: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake, mgeni anaweza kuja na dawa ambayo mwenyeji hakuwa nayo.

2. COLUMBUS: MCHEZA KWAO HUTUNZWA

Chuo Kikuu cha Ohio State kilimwachisha kazi kocha Chris Holtmann tarehe 14 Februari 2024, msimu ukiwa haujaisha. Hapakuwa na nafasi ya kutafuta mgeni. Msaidizi wake, Jake Diebler, akafanywa kocha wa muda. Diebler ni mzaliwa wa Ohio, na mdogo wake Jon aliwahi kuichezea timu hiyo hiyo.

Siku nne baadaye ilikuja Purdue, timu iliyoshika nafasi ya pili nchini. Wengi walidhani Ohio State watapigwa vibaya. Wakashinda 73 kwa 69. Wachezaji walikuwa walewale na jezi zilezile, lakini walicheza kama watu walioamshwa usingizini. Tarehe 17 Machi chuo kikamwambia Diebler: kazi ni yako.

Msimu uliofuata ulikuwa wa kawaida. Walishinda 17, wakapoteza 15, na hawakuitwa kwenye mashindano ya taifa. Furaha ya siku moja ni jambo moja. Kazi ya msimu mzima ni jambo jingine.

Methali yao: Mcheza kwao hutunzwa. Anayecheza nyumbani kwake hupewa tuzo na watu wake.

3. BUFFALO: MVUMILIVU HULA MBIVU

Mashabiki wa Buffalo wanakumbuka siku tamu. Machi 2018 waliishangaza Arizona, timu kubwa, kwa 89 kwa 68. Msimu wa 2018–19 walishinda mechi 32 na kupoteza 4 tu. Kisha kocha wao, Nate Oats, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, akaitwa na Alabama akaenda. Msaidizi wake, Jim Whitesell, akakabidhiwa mikoba. Alianza vizuri, lakini mwaka 2023 naye akaondolewa.

Akaja George Halcovage, aliyekuwa msaidizi huko Villanova. Msimu wake wa kwanza timu ilishinda 4 na kupoteza 27. Msimu wa pili ilishinda 9 na kupoteza 22. Bado ni kidogo, lakini 9 ni zaidi ya mara mbili ya 4. Chuo hakikumfukuza baada ya msimu wa kwanza, wala baada ya wa pili.

Methali yao: Mvumilivu hula mbivu. Anayengoja tunda liive ndiye anayelila tamu.

TUFIKIRI: METHALI IPI NI YA KWELI?

Rudi juu, umtazame tena Kenny Payne. Yeye alikuwa mcheza kwao kuliko wote, tena bingwa wa 1986. Mbona hakutunzwa? Na Whitesell wa Buffalo alikuwa mtu wa ndani kama Diebler. Mbona mwisho wake ukawa huo?

Hapa tunajifunza jambo kuhusu methali. Methali si sheria. Wazee wetu walikuwa na methali ya kila upande: wanasema "Mvumilivu hula mbivu", na pia wanasema "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Kazi ya mwenye akili ni kujua leo ni siku ya methali ipi.

Tufikiri pia kuhusu wale walioondoka. Tunaposema "kikosi kipya", tusisahau kwamba kikosi cha zamani nacho kilikuwa cha vijana wa miaka 19 na 20, waliofunga mizigo yao na kwenda kuanza mahali ambapo hawajui mtu. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuhama bila kukaa mwaka mzima nje ya uwanja, kwa hiyo wengi huhama. Wengine huhama kwa kupenda, wengine kwa sababu kocha mpya hana nafasi yao.

Wengi wenu mnajua kuhama. Mmewahi kuingia darasa ambalo kila mtu ana rafiki isipokuwa wewe. Basi mkumbukeni Oscar Tshiebwe. Alizaliwa Lubumbashi, Kongo, mji ambao Kiswahili husikika kila sokoni. Alianza kucheza chuo cha West Virginia, kisha mwaka 2021 akahamia Kentucky, pale Lexington, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka Louisville. Msimu wa 2021–22 alikuwa akidaka mipira iliyogonga chuma na kurudi, kwa wastani zaidi ya 15 kwa mechi, na mwaka 2022 akachaguliwa mchezaji bora wa vyuo nchini Marekani. Kuhama hakukumpunguza. Lakini alifika akiwa na kazi moja anayoijua vizuri, akaifanya kila siku. Nanyi mnapoingia darasa jipya mnafika na kitu: lugha ambayo huenda hakuna mwingine pale anayeijua.

SARUFI KIDOGO: KUTENDA NA KUTENDUA

Kiswahili kina njia nzuri ya kusema "rudisha kama ilivyokuwa". Tunaweka -u- karibu na mwisho wa kitenzi.

funga → fungua
panga → pangua
fuma → fumua
kunja → kunjua

Mtangazaji wa michezo husema: "Kocha amepangua kikosi." Maana yake, wachezaji waliokuwa wamepangwa amewatoa mahali pao. Au husema: "Amekifumua kikosi chote." Amekifungua uzi mmoja mmoja, kama sweta, ili akifume tena.

Angalieni neno "funga" lisiwachanganye. Kufunga mlango ni kuuziba. Kufunga kikapu ni kuingiza mpira. Kufungwa ni kushindwa, na kufungana ni kuwa na pointi sawa.

ZOEZI

Jaza nafasi kwa: alipangua, zilifungana, ilifungwa, fungua.

a) Louisville ______ na Creighton 89 kwa 75.
b) Mapumziko yalipofika, timu mbili ______ 40 kwa 40.
c) Tafadhali ______ dirisha, kuna joto.
d) Kocha mpya ______ kikosi chote cha zamani.

Hesabu: Louisville ilicheza mechi ngapi katika misimu miwili ya Payne? Ilishinda ngapi kwa jumla?

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Ungekuwa mkuu wa chuo, ungemwita mgeni, ungempa msaidizi, au ungengoja? Toa sababu mbili.
2. Je, timu ikibadilisha kocha na wachezaji wote, bado ni timu ileile? Ni kitu gani kimebaki?
3. Umewahi kuwa mgeni katika timu au darasa? Nani alikusemesha kwanza, na alisema nini?

KAZI YA NYUMBANI

Muulize mzazi, babu, bibi, mjomba au shangazi: huko kwenu kocha anaitwaje? Tanzania wengi husema "mwalimu wa timu". Familia za Kongo, Kenya na Burundi zinasema nini? Kisha mwombe akusimulie siku aliyoanza upya mahali fulani. Andika sentensi sita, na chini yake methali moja inayofaa. Utaisoma darasani Jumamosi.

Wazazi, msiogope kusimulia na ile sehemu ambayo mambo hayakwenda vizuri. Watoto wameshasoma leo kuhusu timu iliyoshinda mechi 4 kati ya 31. Wataelewa.

MAJIBU: a) ilifungwa, b) zilifungana, c) fungua, d) alipangua. Hesabu: mechi 64, ushindi 12.