Mwembe Mgonjwa: Tuuponye ao Tuukate?

Tazama mwembe ule mbele ya nyumba yako. Pengine babu yako aliupanda. Maana mwembe si mti wa pori letu, mbegu zake zililetwa huku Kasongo na Waungwana kutoka pwani, mbele ya vita ya mwaka 1893. Chini yake wazee wanakata maneno. Sasa unaugua. Usishike shoka upesi.

Mimi nilikosa neno hili. Mwanzo wa kazi yangu ya monitere nilikuta mwembe wenye madoa meusi katika majani, na maua yamekauka, nikasema: Ukatwe. Ulipoanguka tukaona moyo wake mgumu, mzima kabisa. Mama mwenye nyumba hakunigombeza. Alichukua kinu chake, akatwanga juani.

Basi, ujue ya kuwa madoa yale yanazidi wakati wa mvua, yanapunguza matunda, lakini hayaui mwembe mkubwa. Kata matawi makavu, okota majani na matunda yaliyooza, uyachome. Tawi lizito ulikate kwanza kwa chini, kisha kwa juu, gome lisichanike. Kidonda usikizibe kwa simenti wala udongo, acha kikauke.

Hatari yenyewe iko chini. Ninyi mliochimba dhahabu upande wa Namoya mnajua kupiga mwamba kwa chuma na kusikiliza sauti yake. Fanyeni vile vile: piga shina kwa nyundo pande zote. Likilia kama ngoma, ndani ni tupu. Kama kuna tundu, ingiza waya mgumu, upime utupu ule. Shina lenye upana wa sentimeta 60, utupu ukipita 40, upepo wa mvua unaweza kulivunja.

Tena fukua udongo kidogo penye mizizi. Ukiona uyoga mgumu kama ubao umeota pale, mizizi inaoza, na dawa hakuna. Mti wa namna hii huweza kuwa na majani mabichi mazuri, kisha ukaangukia nyumba usiku, watoto wamelala. Huo ukatwe, hata kama babu aliupanda. Anza na matawi, funga kamba, watu wakae mbali. Ng'oa na kisiki, maana ugonjwa unapita katika mizizi mpaka mti wa jirani. Shimo lile usipande mwembe ndani yake. Kokwa za mti wa babu uziweke mbele ya kukata, uzipande hatua kumi na tano kutoka pale, na mbali na nyumba.