Chapati za Maji za Wimbi na Rojo la Matunda Damu

Katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet, chapati huteremshwa kwa chai. Lakini chai ina tanini, ambayo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka. Mtoto anaweza kula wimbi kila siku na bado akakosa sehemu kubwa ya faida yake. Vitamini C ya matunda hufanya kinyume. Ndiyo sababu chapati hizi huliwa kwa matunda, nayo chai ikasubiri saa moja hivi.

Changanya kikombe 1 cha unga wa wimbi na nusu kikombe cha unga wa ngano. Ongeza mayai 2, chumvi kidogo na kikombe 1 na nusu cha maziwa. Wimbi halina gluteni. Bila ngano na mayai, chapati itakatika ukiigeuza. Funika kwa nusu saa. Mchanganyiko ukiwa mzito, ongeza maji hadi utiririke kama uji mwepesi. Paka kikaango mafuta, mimina upawa mmoja, zungusha usambae. Geuza kingo zikianza kuachana na kikaango. Ya kwanza huharibika mara nyingi, usikate tamaa.

Kwa rojo, kata matunda damu 6 yaliyoiva, utoe nyama kwa kijiko. Chemsha nusu yake na vijiko 2 vya sukari na maji kidogo hadi iwe nzito. Epua, iache ipoe, kisha koroga ile nusu nyingine ikiwa mbichi, kwa kuwa moto hupunguza vitamini C. Matunda damu yakikosekana sokoni, karakara zinafaa, tena hazihitaji kuchemshwa.