SOMO LA KIKUNDI: Uafisa wa Jeshi Haununuliwi kwa Ng'ombe



Siku moja baada ya mkutano wa kikundi, mama mmoja aliniita kando. Akafungua leso, akatoa barua. "Mwalimu, hebu niangalizie. Hii ni ya kweli?" Ilikuwa barua ya kumwita kijana wake kwenye mafunzo ya jeshi. Mhuri ulikuwapo, na nembo pia. Lakini kijana hakuwa amefanya mtihani wowote, wala hakuwa amepimwa na daktari. Mtu aliileta nyumbani jioni, akaondoka na bei ya ng'ombe wawili. Simu yake haikushika tena.

Kilichoniuma zaidi ni hiki: kijana huyo alikuwa na B katika mtihani wa Kidato cha Nne. Alikuwa na haki ya kubisha mlango wa mbele. Pesa za kumtayarisha zikaenda mlango wa nyuma.

Leo tujifunze mlango wa mbele unataka nini, na kikundi kinaweza kusaidia namna gani.

1. JUENI KINACHOTAKIWA

Kuna askari na kuna afisa. Askari wa kawaida hufunzwa Eldoret. Kadeti, yaani anayefunzwa kuwa afisa, huenda Chuo cha Kijeshi kilichoko Lanet, Nakuru. Matangazo ya miaka ya karibuni yamemtaka askari awe na alama ya chini kuliko ya kadeti. Kadeti ametakiwa awe na B, pamoja na C+ katika Kiingereza, Hisabati na somo moja la sayansi. Umri umekuwa miaka 18 hadi 26. Masharti hubadilika, kwa hivyo kila mara someni tangazo lenyewe, si maneno ya sokoni.

Wasichana nao wasiachwe nyuma. Fatuma Gaiti Ahmed alipandishwa cheo kuwa Brigedia mwaka 2015, na Meja Jenerali mwaka 2018. Alikuwa mwanamke wa kwanza kufika hapo katika jeshi la Kenya.

Tena shikeni hili: kusajiliwa ni bure. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humshika anayetoa na anayepokea. Vijana wengine wamefika Eldoret na barua za uwongo, wakaishia mikononi mwa polisi. Ng'ombe ameenda, na kijana ana kesi.

2. HESABU NDIO KIZINGITI

Anayeitwa kwa uafisa hupimwa akili kwa maandishi, kisha huja mahojiano. Maswali ya namna hii si magumu sana. Yanataka mtu afikiri haraka bila kubabaika. Tujaribu moja pamoja:

Lori linaondoka saa 2.20 asubuhi. Linakwenda kilomita 45 kwa saa. Safari ni kilomita 120. Litafika saa ngapi?

Gawanya 120 kwa 45, utapata 2.66 na kuendelea. Hapa ndipo wengi huanguka. Wanajumlisha 2.20 na 2.66, wanapata 4.86. Je, kuna saa kama hiyo? Ile .66 si dakika 66, ni theluthi mbili za saa, yaani dakika 40. Basi safari ni saa mbili na dakika 40. Ukianza saa 2.20, lori litafika saa 5 kamili.

Maswali matano kama haya kila jioni, bila kikokotoo na huku saa ikitazamwa, yanamfaa kijana kuliko kukesha wiki moja kabla ya mtihani. Kwa Kiingereza, asome ukurasa mmoja wa gazeti, afunge, kisha aeleze kwa sauti alichosoma. Mahojiano yanataka mtu anayesema wazi akimtazama mwenzake usoni.

3. MWILI NA KARATASI

Mbio hazijifunzi kwa siku tatu. Aanze miezi sita mbele, polepole, mara tatu au nne kwa wiki. Macho, masikio, meno na miguu hutazamwa. Kama kijana haoni ubao vizuri, mpelekeni kliniki sasa, si asubuhi ya usajili.

Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule viwe mahali pamoja, na majina yafanane. Herufi moja ikitofautiana huleta taabu, na kuisahihisha huchukua muda.

4. MLANGO WA PILI

Tuseme ukweli. Wanaojaribu ni wengi na nafasi ni chache. Hata aliyejitayarisha vizuri anaweza kurudi nyumbani. Je, amepoteza? Hapana. Hesabu iliyompasa kujua mwendo wa lori ndiyo ile ile inayompasa fundi wa umeme akipima nyaya, au fundi wa maji akipima mteremko wa bomba. Katika vyuo vya ufundi, C- humwezesha mtu kuomba diploma, D humwezesha kuomba cheti, na hata mwenye E ana kozi za ufundi wa mkono. Jeshi lenyewe pia husajili mafundi.

Kwa hivyo kijana aombe milango yote miwili kwa wakati mmoja. Asikae nyumbani miaka mitatu akingoja tangazo.

Hii ndiyo tofauti ya pesa za hongo na pesa za masomo. Za hongo zikipotea, hakuna kinachobaki. Za masomo hubaki kichwani mwa mtoto hata akikataliwa.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

- Tengeni sehemu ndogo ya mchango wa zamu kununua vitabu vya mazoezi vya Hisabati, vitumiwe na watoto wote wa wanachama.
- Ombeni darasa au ukumbi wenye taa, jioni mbili kwa wiki. Mwalimu mstaafu wa kijiji asikose kualikwa.
- Mtu akileta "nafasi ya jeshi" nyumbani, mzazi asitoe hata shilingi kabla ya kuja kikundini kuuliza. Aibu ya kuuliza ni ndogo kuliko hasara.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini tunaamini kwamba bila hongo mtoto hawezi kupata nafasi? Imani hiyo inamfaidi nani?
2. Ni vijana wangapi kwetu wamemaliza shule na wanangoja tu? Wana vyeti gani?
3. Jumamosi hii tunaweza kuanza na nini?

Yule mama bado ni mwanachama. Ng'ombe hawakurudi. Kijana wake aliomba chuo cha ufundi akapata, na jioni akiwa likizo hufundisha wadogo zake hesabu ya lori. Mama huketi karibu nao akichambua mboga, na wakikosea dakika yeye ndiye wa kwanza kucheka.