Unasafiri? Waache kamba wako na njaa kidogo

Desemba imebisha hodi. Watu wanakata tiketi za Moshi, Bukoba na Tanga, na sebuleni Dar es Salaam linabaki tangi la kioo lenye kamba wadogo wekundu, wale wanaoitwa cheri, wenye asili ya China na Taiwan. Kila mwaka wenye matangi huulizana: nani atawalisha? Kama safari haizidi wiki mbili na tangi lako lina miezi mitatu au zaidi, jibu ni kwamba hawahitaji wa kuwalisha. Mahitaji yao ni mengine.

1. Kopo la chakula lifungie kabatini.
Mwaka wangu wa kwanza nilimwachia mdogo wangu kopo na maelekezo ya maneno mawili: "Wape kidogo." Aliwapa kijiko kila asubuhi, kwa moyo safi kabisa. Niliporudi maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na kati ya kamba arobaini walibaki wanne. Kosa lilikuwa langu. "Kidogo" ya mtu asiyefuga kamba ni chakula cha mwezi mzima.

Chakula kisicholiwa huoza na kutoa amonia, nayo ni sumu kwao hata ikiwa kidogo sana. Wakati huohuo bakteria wanaokiozesha huvuta oksijeni ileile wanayoitegemea kamba. Ndani ya tangi lililokomaa kamba hashindi njaa. Mchana kutwa anachokonoa mwani na ule utando laini wa vijidudu unaoota juu ya mawe, vigogo na majani. Ule ndio ugali wake, na unachomtupia wewe ni kitoweo tu.

Kama utakuwa mbali wiki tatu au zaidi, mfungie jirani vikaratasi, kimoja kwa kila siku ya nne, ndani yake punje tatu au nne tu. Vile vidonge vikubwa vya likizo vinavyoyeyuka polepole usivinunue. Huchafua maji hata pale kamba wanapovipenda.

2. Okota jani la mkungu.
Hapa sisi wa pwani tumebarikiwa. Mkungu, ule mti wenye matawi yaliyopangana kama ghorofa, ambao watoto hugonga kungu zake kwa mawe, una majani yanayopendwa sana na kamba. Wafugaji wa Ulaya huyanunua makavu kwa pakiti. Sisi tunayafagia uani kila asubuhi. Chukua lililokauka na kuanguka lenyewe, lisilo na vumbi la barabarani wala dawa. Lioshe, lichemshe dakika chache ili lizame, kisha litumbukize. Jani moja linatosha tangi la lita 30. Maji yatapata rangi hafifu ya chai, usiogope. Jani linapolainika huota utando, na kamba watalitafuna wiki kadhaa mpaka ibaki mishipa mitupu. Liweke siku tano kabla ya safari, ili lianze kulainika ukiwa bado upo.

3. Usioshe tangi usiku wa kuamkia safari.
Najua mkono unawasha. Unataka kuliacha linang'aa. Lakini kumwaga nusu ya maji na kujaza mapya hubadilisha chumvichumvi kwa ghafla, na kamba hushtuka akajivua gamba kabla ya wakati wake. Wengi hufia hapohapo, gamba likiwa nusu limetoka. Badilisha asilimia 10 hadi 20 tu, wiki moja kabla, ili kukitokea tatizo uwepo. Na wiki hiyo usiingize kamba wapya wala mimea mipya, kwani mimea ya dukani huweza kuja na mabaki ya dawa za wadudu.

4. Chora mstari kwenye kioo.
Maji yatapungua kwa joto, lakini madini yaliyomo hayapandi hewani. Hubaki yakizidi kukolea. Kwa hiyo anayekujia nyumbani aongeze maji laini mpaka kwenye mstari, polepole. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni mazuri sana. Ya bomba yakae kwenye ndoo wazi siku mbili kwanza ili klorini ipungue. Ya kisima, ambayo katika mitaa mingi ya Dar yana chumvi, hapana.

5. Angalia LUKU.
Pampu ndogo ya hewa ya wati 5 haitumii hata uniti mbili kwa wiki mbili. Kinachozimaliza uniti ni friji. Lizime kama ni tupu, au ununue umeme wa kutosha kabla ya kufunga mlango. Umeme ukikatika saa chache, tangi lenye mimea na kamba wachache litavumilia. Lililojaa kupita kiasi halitavumilia. Pampu iwe juu ya usawa wa maji, la sivyo siku umeme utakapokatika maji yatarudi kwa mpira na kumwagika sakafuni.

6. Nyumba iliyofungwa ni tanuri.
Kamba cheri hustawi zaidi kwenye nyuzi 20 hadi 26. Mchana wa Desemba Dar hupita 30, na maji yakipata joto oksijeni hupungua. Lihamishe tangi mapema, mbali na dirisha la jua. Badala ya mfuniko wa kioo weka wavu, mvuke upate kutoka, na mlango wa chumba hicho uache wazi. Mwenye uwezo wa kuacha feni ndogo ikipuliza juu ya maji atashusha nyuzi mbili hivi, ila maji yatapungua haraka zaidi, kwa hiyo mwangalizi aje mara nyingi.

7. Dawa ya mende, kamwe.
Hiki ndicho kidokezo ninachokisisitiza kuliko vyote. Watu wengi hupuliza dawa nyumba nzima dakika ya mwisho, wanafunga na kuondoka. Dawa hizo mara nyingi zimetengenezwa kwa kuiga sumu ya pareto, na kamba, kama mende, ni wa ukoo wa wanyama wenye gamba la nje na miguu ya viungo. Kinachomuua mmoja humuua mwingine. Pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji. Mwambie anayekuangalizia nyumba, na ubandike karatasi mlangoni.

8. Taa: saa sita kwa siku, kwa swichi ya saa. Huna? Zima. Mwanga wa chumba unatosha.

9. Ukirudi, tazama kwanza.
Usikimbilie kusafisha, hata maji yakiwa yameingia rangi na kioo kimeota ukijani. Jike hubeba mayai chini ya tumbo kwa wiki tatu hadi nne, na vifaranga huzaliwa na urefu wa kama milimita 2, karibu wasionekane. Kabla hujagusa sponji ya kichujio, washa tochi na uikague vizuri, maana huko ndiko hujibanza.