Giligilani Mikocheni: Panda kwa Kufuata Baridi, Chagua Mbegu kwa Kufuata Joto

Kama jikoni kwako kuna kopo la giligilani nzima, ambayo haijasagwa wala kukaangwa, huna haja ya kwenda duka la pembejeo. Punje hizohizo za kutia kwenye mchuzi zinaota. Kinachowashinda wakazi wengi wa Mikocheni, Dar es Salaam, si mbegu. Miche hutoka vizuri, hukua wiki tatu au nne, kisha kabla hawajachuma hata mara mbili hurefuka ghafla, hutoa maua na majani huisha. Wengi hudhani walipewa mbegu mbaya.

Ukweli ni kwamba mmea huo uko ugenini. Ardhi ya Mikocheni ni ya mchanga, ina joto, na bahari iko jirani. Mnazi unaipenda ardhi ya namna hii, na si bahati kwamba kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo hapahapa Mikocheni kimejulikana miaka mingi kwa kazi ya minazi. Giligilani na ndugu zake, yaani karoti, binzari nyembamba, shamari, shibiti, seleri, pasli na mvuje, wengi asili yao ni nchi za kuzunguka bahari ya Mediterania hadi Asia ya Kati. Huko mbegu huota wakati wa baridi yenye unyevu, na joto linapokuja mmea huharakisha kuchanua na kuacha mbegu kabla ukame haujauua. Utautambua ukoo wao kwa ua: vijiti vingi vyembamba vinatoka sehemu moja na kutanuka kama mbavu za mwavuli. Habasoda na anisi ya nyota hukaa nao kwenye rafu moja dukani, lakini si wa ukoo huu.

Huko Ulaya mchana mrefu wa kiangazi nao huuhimiza mmea kuchanua. Dar es Salaam mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo tatizo hilo hatuna. Yanayoikimbiza giligilani yetu ni joto, kiu na kusumbuliwa mizizi, na yote matatu yanaweza kupunguzwa na mtu mwenye ndoo na kona ya ua.

Anza na kalenda. Januari na Februari mchana hufika nyuzi 32 hivi, na usiku haupoi chini ya 24 au 25. Julai usiku hushuka hadi karibu 19. Tofauti hiyo ndiyo faida yako. Panda kwa wingi kuanzia mwisho wa Mei, masika yakishakatika, hadi mwanzoni mwa Agosti, ili kipupwe kikukute na mimea michanga. Miezi mingine usiache, ila badili matarajio: panda kidogokidogo na uvune ikiwa bado michanga. Wakati wa masika weka vyombo mahali ambapo mvua kubwa haivipigi moja kwa moja, maana huzika mbegu na kuozesha miche.

Kabla ya kupanda, ijaribu mbegu. Chukua punje 20, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke kivulini siku 10 ukihakikisha kitambaa hakikauki. Zikiota nusu au zaidi, endelea. Zikiota mbili tatu, hizo ni za mchuzi, tafuta nyingine. Kumbuka kwamba kila kipunje cha mviringo kina mbegu mbili ndani. Zitandaze mezani, pitisha chupa juu yake kwa uzito mdogo hadi vipunje vigawanyike vipande viwili. Usisage. Kisha loweka usiku mmoja, mwaga maji, na upande asubuhi.

Usisie kitaluni ukitegemea kuhamisha. Giligilani ina mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja, na ukiugusa, mmea hujibu kwa kuchanua. Panda palepale itakapovunwa. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha, au kiroba, mradi udongo uwe na kina cha sentimita 20 au zaidi. Mchanga wa Mikocheni peke yake hauwezi kushika maji wala chakula, kwa hiyo changanya sehemu sawa za mchanga, udongo wa kawaida na mboji au samadi iliyooza kabisa. Weka mbegu kina cha sentimita 1, ukiachia sentimita 2 au 3 kati ya moja na nyingine, funika kwa gunia lililoloweshwa na uwe unachungulia kila siku. Baada ya wiki moja au mbili zitatokeza. Ukiona tu vichwa vya kwanza, ondoa gunia siku hiyohiyo.

Mahali pazuri ni upande wa mashariki wa nyumba au ukuta, ambapo jua la asubuhi linafika na kuanzia adhuhuri mmea uko kivulini. Asiye na ukuta wa namna hiyo atumie neti ya kivuli, au aweke ndoo chini ya mpapai. Mwagilia asubuhi mapema, na siku za joto kali rudia jioni. Udongo usikauke kabisa hata mara moja.

Kuhusu maji nitasema kwa mkazo, kwa kuwa hapa ndipo bustani nyingi za Mikocheni zinapokufa bila mwenyewe kujua sababu. Visima vingi vya ukanda huu wa pwani vina chumvi. Ukionja ukaisikia, au ukiona ukoko mweupe kwenye kingo za vyungu, usimwagilie ukoo huu kwa maji hayo. Karoti hasa ni miongoni mwa mboga zisizostahimili chumvi hata kidogo. Tumia maji ya bomba au kinga maji ya mvua. Wala usichote kwenye mitaro au Mto Mlalakua kwa sababu tu ni karibu na bure. Mto huo umebeba taka za makazi na viwanda kwa miaka mingi, na giligilani huliwa mbichi.

Mimea ikifika sentimita 12 hadi 15, anza kukata vikonyo vya pembeni na uache moyo wa katikati uendelee. Kila baada ya wiki mbili panda ndoo nyingine. Anayepanda ndoo moja kubwa kwa pamoja atakuwa na majani mengi kwa muda mfupi kisha miezi ya kununua, lakini mwenye ndoo tatu zilizopishana atakuwa na kachumbari ya uani karibu kipupwe chote.

Mmea ukichanua je? Majani ya juu yatakuwa membamba na ladha itabadilika, lakini usiung'oe kwa hasira. Maua yake meupe huita nyuki, na pia wale nzi wadogo wenye milia ya njano ambao watoto wao hula vidukari, yaani wadudu mafuta, kwenye bamia na mchicha wako. Mbegu zikiwa bado za kijani zina ladha iliyo kati ya jani na kiungo kikavu, na sokoni huzipati. Zitwange na pilipili, chumvi na embe bichi uone chatini yake.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mpandaji wa mji huu alifanye. Usichukue mbegu kwenye mmea uliochanua kwanza. Watu wengi hufanya hivyo, kwa kuwa ndio ulio tayari, na bila kukusudia wanachagua uzao wa mimea yenye haraka. Fanya kinyume. Mimea inayowahi kurefuka ing'oe kabla ua halijafunguka, kwa kuwa nyuki wakishapita chavua yake itaingia kwenye mingine. Mizizi yake osha, twanga na kitunguu saumu, tia kwenye supu. Ni mizuri sana. Iache miwili mitatu iliyochelewa kuliko yote licha ya joto, ichanue pamoja, ikomae hadi vichwa viwe vya kahawia, kisha kata na uvining'inize ndani ya mfuko wa karatasi. Hizo ndizo mbegu za msimu ujao. Rudia hivyo mwaka hadi mwaka, na mbegu yako itazidi kuendana na uani kwako kuliko mbegu yoyote iliyofungwa kiwandani. Andika mwezi kwenye bahasha. Mbegu za ukoo huu hazidumu, na nyingi hudhoofika ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu, pasli na karoti zikiwemo.

Katika ndugu wengine, anayeuvumilia vizuri mji wetu ni shamari. Punje zake za dukani nazo huota, mmea hupanda hadi kimo cha mtu, na majani yake machanga ni matamu ndani ya saladi au juu ya samaki wa kuchoma. Shibiti huota upesi na huchanua upesi, basi ivune changa. Pasli ni mvivu kuota, hata wiki tatu au nne, kwa hiyo loweka mbegu kwenye maji ya uvuguvugu na usikate tamaa. Ikishashika, kivulini hukaa muda mrefu. Seleri hutaka maji mengi kuliko wote. Ukivuna seleri nyingi juani, nawa mikono na uoshe utomvu ulioganda kwenye ngozi, maana utomvu wake ukipigwa na jua unaweza kuunguza na kuacha madoa.

Karoti ziachie milima. Mzizi wake hunenepa vizuri kwenye nyuzi 16 hadi 21, na ndiyo maana Lushoto, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400 huko Usambara, hutoa karoti nzuri. Hapa zitakuwa fupi, zilizopauka na zenye ukakasi. Mwenye hamu ya kujaribu, kwa ajili ya watoto waone inavyokua, apande Juni kwenye kiroba kirefu cha mchanga laini na mboji, atafute aina ya Kuroda iliyozoea joto zaidi, na asitie samadi mbichi kwani mzizi utagawanyika. Ukinunua sokoni zenye majani, kata majani mara ufikapo nyumbani, maana huendelea kuvuta maji kutoka kwenye karoti hadi inalegea. Machache katakata utie kwenye supu. Na rangi ile ya machungwa, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haifyonzwi vizuri bila mafuta. Karoti iliyopikwa kwa nazi, au kachumbari yenye kijiko cha mafuta, inamfaa mtoto kuliko karoti kavu ya kutafuna.

Binzari nyembamba nayo usijisumbue kuipanda. Inahitaji miezi kadhaa ya ubaridi na ukavu, na sehemu kubwa ya inayouzwa duniani hulimwa Gujarat na Rajasthan nchini India. Kazi yako ni kuichagua. Nunua nzima, si unga, kwa kuwa unga hupoteza harufu haraka na ni rahisi kuchanganywa na vitu vingine. Sugua chache kati ya viganja: harufu ipande kali papo hapo. Usiichanganye na shamari, ambayo ni nene zaidi, ina ukijani, na utamu wake utaharibu pilau. Kaanga bila mafuta kwenye moto mdogo, ukikoroga, na mara harufu inapojaa jiko mimina kwenye sahani, maana ikiachwa kikaangoni itaendelea kuungua na kuwa chungu. Twanga ya siku hiyo tu.

Punje za giligilani huvumilia kupikwa muda mrefu, majani hayavumilii. Tia punje mwanzoni, vikonyo vilivyokatwakatwa katikati, na majani baada ya kuzima moto. Mgeni wako akisema majani yananuka sabuni, mwamini, kwani wapo wanaozaliwa na pua inayoyasikia hivyo, na mpe chakula bila majani. Ukinunua fungu la sokoni, chagua lenye mizizi, lisimamishe kwenye glasi ya maji, na uoshe unachotaka kula kwa maji safi yanayotiririka, jani kwa jani. Muulize muuzaji limelimwa wapi. Vijidudu utavipunguza kwa kuosha, lakini risasi na metali nyingine nzito zilizoingia kwenye mmea kutoka bonde chafu hazitoki.

Ndugu mmoja anahitaji tahadhari ya peke yake. Mvuje ni utomvu mkavu wa mmea wa ukoo huu unaotoka Iran na Afghanistan. Jikoni, chembe ndogo iliyokaangwa kwanza kwenye mafuta hugeuza harufu yake kali kuwa ladha nzuri kwenye dengu. Wapo pia wanaoufunga kwenye kitambaa na kumvika mtoto mchanga, na wengine humwekea mdomoni akilia tumbo. Kuuvaa ni jambo moja, kuumeza ni jingine. Madaktari wameshawahi kuripoti mtoto wa wiki chache aliyepewa mvuje, damu yake ikashindwa kubeba oksijeni inavyotakiwa. Usimpe mtoto mchanga mvuje kwa mdomo, hata kidogo, hata ukishauriwa na mtu unayemheshimu. Mama mjamzito naye aishie kwenye kipimo cha chakula kwa pasli na seleri, asinywe maji yake yaliyochemshwa kwa wingi wala mafuta yake. Na mtoto mchanga anayelia bila kunyamaza, tumbo limejaa na hanyonyi, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.