Pembe za Kasongo Zilikwenda Wapi?

Karibu na Kasongo, katika nchi ya Maniema mashariki mwa Kongo, kuna mahali paitwapo Tongoni. Tongo ni mahame, kijiji kilichohamwa. Hapo ndipo uliposimama mji wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa kutoka Unguja. Tunajibu maswali matano juu ya mji huo na biashara yake.

Je, Wazungu ndio walioifungulia Maniema biashara ya dunia?

Hapana. Waliikuta njia imekwisha chimbika kwa nyayo za wapagazi. Kutoka Kasongo misafara ilipitia Kabambare, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, ikashika njia ya Tabora mpaka Bagamoyo, kisha pembe zikavushwa Unguja. Livingstone, msafiri wa Kizungu, alipofika Nyangwe, mji wa soko karibu na Kasongo, mwaka 1871, na mwenzake Cameron mwaka 1874, wote wawili waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kukaa.

Pembe hizo zilikuwa za kazi gani?

Huko Ulaya na Marekani zilichongwa vibonye vya piano, mipira ya biliadi na vichana. Huku zikarudi shanga, bunduki na nguo. Ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi iliitwa merikani kwa kuwa ilitoka Marekani. Mtaji ulitoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, akiwemo Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip. Lakini pembe haina miguu. Ilibebwa begani, na wengi wa waliotwishwa walikuwa watumwa waliotekwa vijijini. Anayeusifu mji ule asilifumbie macho jambo hilo.

Tippu Tip na Stanley, nani alimtumia mwenzake?

Kila mmoja alijiona mjanja. Mwaka 1876 Stanley, msafiri mwingine wa Kizungu, alitaka ulinzi wa kuufuata mto unaopita Nyangwe. Kwa maelezo yake, walipatana dola 5,000 kwa vituo 60 vya safari. Waliagana njiani mwezi wa Desemba, na Agosti 1877 Stanley akatokea Boma, karibu na Atlantiki. Ikathibitika kwamba mto huo ndio Kongo. Kwa Tippu Tip hiyo ilikuwa kazi ya ujira. Kwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ilikuwa ramani ya mlango wa pili wa kuingilia nchi, ule wa Atlantiki.

Basi vita kati ya watu wa Tippu Tip na watu wa Leopold vilitoka wapi?

Mwaka 1887 Leopold, aliyekwisha jitwalia Kongo lakini akijua hana nguvu za kumwondoa Tippu Tip, alimfanya liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa pauni 30 kwa mwezi. Mwaka 1891 serikali yake ya Kongo ikadai pembe na mpira ni mali yake. Tippu Tip alikuwa amekwisha rudi Unguja. Mwanawe Sefu ndiye aliyebaki na ugomvi. Vita vikalipuka mwaka 1892. Ngongo Lutete, mtu wa Tippu Tip, akahamia kwa Wabelgiji, ambao mwaka uliofuata walimpiga risasi. Jeshi la serikali hiyo, likiongozwa na Dhanis, liliingia Nyangwe Machi 1893, na Kasongo Aprili. Sidney Hinde, daktari wa jeshi hilo, aliandika walichokikuta mjini: mishumaa, sukari, viberiti, bilauri, na nje mashamba ya mpunga na miti ya matunda. Tangu hapo pembe zikashuka mto kuelekea Antwerp. Njia ilikuwa imegeuzwa mdomo.

Leo kimebaki nini?

Tazama sahani ya chakula cha mchana huko Maniema. Wali ulienea huko kwa mikono ya waungwana, watu wa misafara ya pwani. Sombe iliyo pembeni yake ni majani ya muhogo, mmea ambao Wareno waliuleta Afrika kutoka Brazili, nao ukaenea bara kabla ya Wazungu wenyewe. Na mama anayekupakulia anakukaribisha kwa Kiswahili, kile kilichoitwa Kingwana kwa jina la waungwana haohao. Serikali ya Leopold iliweza kuzigeuza pembe zielekee magharibi. Ulimi wa mama huyu haikuugeuza.